Kadi ya Njano ya D. Gallagher

Portlocha ina watu wa ukoo wa Gallagher mia moja na kumi na mmoja, na Condy Harkin aliwajua wote. Kujisifu hakujisifu, alisifiwa, naye alisikiliza huku amejiinamia akifunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mpeleka barua wa mji ule, kuanzia gati la samaki mpaka juu mlimani wanakochimba udongo wa kuwashia moto. Barua ikija imeandikwa "P. Gallagher, Portlocha", basi, bila zaidi, Condy aliigeuza mara moja tu mkononi. Ikitoka hospitali ni ya Packie wa Kilimani mwenye goti bovu. Ikitoka mahakamani ni ya Phelim Mwekundu. Ikinukia marashi ni ya Peadar wa Mjane, na Mungu amsaidie mwanamke aliyeiandika. Katika miaka yote hiyo hakuna barua iliyoingia nyumba isiyo yake.

Serikali ilipoleta misimbo ya posta, herufi na tarakimu saba kwa kila mlango wa nchi, Condy aliipokea kama mtu aliyeletewa ramani ya jikoni kwake. Hakuisoma hata siku moja. Msimamizi alipokuja kutoka Letterkenny kumuuliza kwa nini, alijibiwa, "Mimi nasoma watu, bwana, sisomi namba." Maneno hayo yalifika baa zote nne kabla msimamizi hajawasha gari lake, na kwa mwezi mzima Condy hakununua bia yake mwenyewe.

Kazi yake ya pili haikuwa na mshahara. Alikuwa katibu wa Portlocha Swifts, timu ya mpira ya daraja la pili, na huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na tisa. Kwenye klabu ya aina ile katibu ndiye anayesajili wachezaji, ndiye anayejibu barua za ligi, ndiye anayehesabu kadi, na choo cha wageni kikiziba yeye ndiye anayetafutwa. Condy aliipenda kazi hiyo kuliko alivyopenda kula. Yeye na mkewe Attracta hawakujaliwa mtoto. Walikuwa na nyumba ya vyumba viwili karibu na kanisa, na walikuwa na Swifts. Au tuseme ukweli, Swifts ndiyo iliyokuwa nao.

Msimu ule ulianza Februari kama misimu mingine, kwa mvua na vipigo. Halafu mwezi Aprili timu ikashinda mechi moja, ikashinda ya pili, ikasahau kuacha. Kufika Juni, watu ambao hawakuwa wamekanyaga uwanjani tangu wapate meno ya bandia walikuwa wakigombea nafasi ukutani kila Ijumaa jioni, wakiwaambia wenzao kwamba hapo ndipo waliposimama siku zote. Mabao mengi yalikuwa ya Donncha Gallagher, kijana wa miaka ishirini na mbili, mtoto wa Packie wa Kilimani. Huyo Packie alikuwa rafiki wa Condy tangu dawati moja la shule. Donncha alikuwa mpole, wa kwenda misa na mama yake, na kosa lake pekee uwanjani lilikuwa kuvua jezi akifunga bao. Kwa upuuzi huo alishapata kadi nne za njano.

Beki wa kati alikuwa binamu yake, Daithí Gallagher. Huyo naye alikuwa na kadi nne, lakini zake zilikuwa za haki. Daithí alikuwa na hasira za karibu. Aliwahi kumtolea uvivu mpaka babu mmoja aliyeokota mpira nje ya uwanja akaurudisha taratibu kwa sababu ya mgongo. Kadi ya tano maana yake ni kukosa mechi moja. Condy aliwaandika wote wawili kwenye daftari lake, akawaonya, na kila mmoja alimwitikia "sawa, mzee" bila kumsikiliza.

Mwezi Oktoba, wiki moja kabla ya mechi ya mwisho, Swifts walisafiri kwenda Kilbarron, mwendo wa saa saba kwa basi kuelekea kusini. Condy hakwenda. Bibi Sadie Bonner, aliyemfundisha kusoma, alifariki Jumatano na mazishi yakawekwa Ijumaa. Portlocha unaweza kusamehewa ukikosa harusi yako, lakini mazishi huwezi kuyakosa. Condy alibeba jeneza, akala sandwichi za msiba, akapigiwa simu kwamba timu imetoka sare ya bao moja kwa moja. Ilikuwa mechi yake ya kwanza kukosa katika miaka kumi na moja.

Jumatano iliyofuata ilikuja barua ya ligi. Ilisema kwamba D. Gallagher amefikisha kadi ya tano huko Kilbarron na hataruhusiwa kucheza mechi inayofuata. Chini ya jina kulikuwa na namba ya usajili yenye tarakimu nane. Condy alikuwa kwenye meza ya kupangia barua, begi limejaa, na aliigeuza ile karatasi mara moja tu mkononi, kama alivyozoea. Kadi ya D. Gallagher? Nani mwingine. Katika mji mzima ni nani angebishana na refa ugenini, kwenye mvua, timu ikiwa imetoka sare? Namba hakuisoma. Angeisoma, angejua, daftari lenye namba zote lilikuwa kabatini, hatua tatu kutoka aliposimama.

Jioni alimpelekea kocha. Fergal Tinney alikuwa mtu mwembamba wa maneno machache, aliyefukuzwa klabu mbili kabla ya kuja Portlocha na asiyetaka kuwa na ya tatu.

"Daithí amefikisha tano," Condy alimwambia. "Ijumaa hachezi."

Tinney alimtazama kwa muda. "Daithí?"

"Daithí. Barua hii hapa."

"Una hakika, Condy?"

"Tinney, nimewahi kukuletea barua ya mtu mwingine?"

Kocha aliikunja ile barua akaitia mfukoni. "Hujawahi," alisema. "Hata siku moja hujawahi."

Ijumaa walikuja Athmoy, waliokuwa juu yao kwa pointi moja, na timu moja tu ndiyo ingepanda ligi kuu. Portlocha haikuwa imecheza ligi kuu kwa miaka ishirini na saba. Kiwanda cha samaki kilifunga saa sita mchana kwa sababu hakuna aliyekuwa akifanya kazi hata hivyo. Daithí alikaa jukwaani amevaa koti, kofia ameishusha mpaka machoni, hasemi na mtu. Condy alipompungia mkono aligeuza uso upande wa bahari, na Condy akaona ni hasira zake zile zile. Donncha alifunga mawili. Safari hii hakuvua jezi. Mchezo ukaisha mawili kwa moja, na watu wazima wakaingia uwanjani wakibusu nyasi zenye matope, na Packie wa Kilimani akamnyanyua Condy juu kama gunia la viazi, goti bovu na yote, akamzungusha. "Tumepanda, Condy," alikuwa akisema, "tumepanda, ndugu yangu, tumepanda." Condy alilia. Attracta, ambaye mpira hakuupenda wala hakuwahi kusema hivyo, alimfutia uso kwa skafu yake mwenyewe.

Kombe lilikaa siku tano dukani kwa mwenyekiti, Hugo Sweeney, muuza misumari na rangi, juu ya kaunta kati ya mashine ya kadi na kisanduku cha michango ya maskini. Siku ya sita ikaja barua. Athmoy walikuwa wameandika malalamiko: D. Gallagher mwenye kadi tano aliitwa Donncha. Swifts walichezesha mchezaji mwenye adhabu. Pointi tatu wanapokwa, zinakwenda Athmoy, na kombe nalo.

Condy aliisoma ile barua amesimama, halafu akaenda kabatini, hatua zile tatu, akatoa daftari na kulinganisha tarakimu moja moja kwa kidole. Zilikuwa za Donncha. Alirudia mara nne. Aliketi chini, kwenye sakafu ya posta, na binti wa kaunta akadhani ni moyo akataka kuita gari la wagonjwa.

Walimwita nyuma ya duka la Hugo siku hiyo hiyo. Hugo alikuwa na karatasi iliyokwisha kuchapwa. Tinney alikuwa amekaa juu ya ndoo ya rangi, anatazama simu yake.

"Nimewaua," Condy alisema. "Sina la kusema. Nimewaua."

"Hakuna aliyekufa," Hugo alisema. "Tunakata rufaa. Saini hapa."

Condy alisoma. Karatasi ilisema kosa ni la katibu peke yake, mtu wa umri mkubwa, na kwamba hakuna mwingine yeyote klabuni aliyejua wala aliyeweza kujua.

"Lakini Donncha," Condy alisema taratibu. "Si alionyeshwa kadi usoni? Yeye mwenyewe hakujua?"

Tinney hakuinua macho kwenye simu. "Wachezaji wakianza kuhesabu kadi, katibu atafanya kazi gani?"

"Sikiliza, bwana Condy," Hugo alisema, na akamwekea mkono begani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka kumi na tisa. "Wakihisi klabu ilijua, wanatufungia mwaka mzima. Wakisikia ni mzee wa watu kachanganya majina, wataona huruma, wataturudishia. Mji wote utaelewa. Nani asiyekujua wewe?"

"Sina uzee wa kiasi hicho. Nina hamsini na tisa."

"Kwenye karatasi wewe ni mzee. Saini."

Alisaini. Alikuwa na jina moja tu duniani, na alilitoa kwa sababu aliambiwa atarudishiwa. Rufaa ilijibiwa baada ya siku tisa, kwa mistari minne: kwa kuwa klabu yenyewe imekiri kosa kwa maandishi, hakuna la kujadili. Kijana mmoja wa ligi alikuja na gari dogo kuchukua kombe. Hugo alikuwa na mgeni dukani, hakutoka. Condy ndiye aliyeitwa kulifunga kwenye sanduku na kusaini kwamba limetoka zima.

Watu wa Portlocha si watu wabaya. Ukifiwa watakuletea sandwichi mpaka ukose pa kuziweka, na mashua ikikawia hakuna mlango utakaofungwa. Nimeishi nao, najua. Lakini mwenye kuwakosesha furaha yao, huyo hawampigi wala hawamtukani. Wanamfanyia mzaha, na mzaha wao hauna likizo.

Siku ya kwanza baada ya kombe kuondoka, Condy alikuta jina limeshafika kila nyumba kabla yake: Toa Tatu. Hakuna aliyejua nani alilianzisha, na kila mtu alidai ni yeye. "Habari za asubuhi, Toa Tatu." Waliliita kwa uso mkunjufu, wanaume wenzake aliowapelekea barua za kwanza za wachumba wao. Mama mmoja wa karibu na gati alichukua bahasha yake, akaisogeza mwangani, akasoma jina lake mwenyewe kwa sauti, herufi kwa herufi. "Ni mimi kweli," alisema. "Umebahatisha leo." Mzee wa kinyozi alimuuliza mbele ya wateja kama mkewe anamwita kwa jina sahihi. Kwenye misa, padri aliposema tupeane amani, mikono ya benchi la mbele na la nyuma ilipeana, ikavuka, ikapita juu ya Condy na Attracta.

Halafu zikaja barua. Bahasha nyeupe, stempu halali, zimeandikwa "D. Gallagher, Portlocha", bila zaidi. Siku ya kwanza tatu, ya pili tisa, Jumatatu iliyofuata arobaini. Akina D. Gallagher wako kumi na wanne. Barua yenye stempu haitupwi, sheria ni sheria, na Condy alikuwa mtu wa sheria, alizipeleka. Alipita mlango kwa mlango akiuliza, "Hii ni yako?" na kila D. Gallagher aliifungua mbele yake polepole. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi ya njano, kimekatwa kama kadi. Walimnyooshea juu kama refa. Wengine walikuwa wamemwandalia filimbi.

Alitembea hivyo Novemba yote na Desemba yote, mvua ikinyesha kwa ubavu kama inavyonyesha kule, na hakumjibu mtu. Aliamini anastahili. Hilo ndilo lililonikera mimi, na liliwafurahisha wao. Nyumbani Attracta alimwambia, "Jibu hata mmoja, Condy. Mtukane hata mmoja tu, roho yangu itulie." Naye alisema, "Wana haki. Nilisoma vibaya." Alikonda mpaka begi likawa linamkata bega, na usiku alikuwa akihesabu tarakimu usingizini.

Mwezi Januari alipeleka bahasha ya kusainiwa nyumbani kwa Daithí. Hapakuwa na swali ni ya nani, ilikuwa pasipoti. Daithí alikuwa ameachwa na klabu, hakupewa mkataba mpya, na alikuwa anakwenda ng'ambo, Perth, kupiga plasta kama nusu ya vijana wa rika lake. Alisaini mlangoni, halafu hakufunga mlango.

"Mzee Condy," alisema, "naondoka Alhamisi. Ingia ndani kidogo."

"Nina mzunguko."

"Basi sikia hapo hapo. Ile kadi ya Kilbarron. Donncha aliipata kwa kuvua jezi alipofunga lile bao la kusawazisha. Kwenye basi alikuwa anacheka, anasema ni ya tano, Ijumaa atapumzika. Tinney akamwambia afunge mdomo, tusubiri barua isemeje. Halafu wewe ukaleta barua."

Condy alirudisha kalamu mfukoni.

"Tinney alinifuata. Akaniambia, wewe kaa jukwaani, nyamaza, mkataba wako upo. Nikakaa." Daithí alicheka bila furaha. "Mkataba wenyewe nimeuona. Nilitaka kukwambia zamani, mzee. Niliona aibu, halafu nikazoea."

"Basi zima lilijua?"

"Basi zima. Hata dereva."

Condy alimshukuru. Alimaliza mzunguko wake, nyumba zote, na watu watatu walimwita Toa Tatu, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba hakuinamisha kichwa. Ndani yake palikuwa na kitu chepesi, nacho kilimpeleka mbio. Hakutaka kisasi. Alitaka mji ujue, basi. Ikijulikana kwamba alikosea lakini pia aliachwa akosee, angeweza kupita mlangoni kwa mtu akiwa Condy Harkin. Na wa kuusemesha mji alikuwa mmoja, rafiki yake, baba wa Donncha. Packie akisema neno kwenye baa, limesemwa.

Alimkuta jikoni peke yake, mguu ameuweka juu ya kiti, moto wa udongo unawaka. Noreen, mkewe, alikuwa ametoka.

"Karibu," Packie alisema, bila kumtazama sana. Tangu Oktoba alikuwa akimwamkua kwa kichwa tu. "Kuna chai."

"Donncha alijua, Packie."

"Kaa kwanza."

"Alijua kadi ni yake. Tinney alijua, basi zima lilijua, na wakaniacha nikasaini." Condy alikaa ukingoni mwa kiti, begi bado limemning'inia. "Sitaki kijana aadhibiwe. Kombe limeshakwenda, halirudi. Kusoma nilisoma vibaya, hilo langu, nalibeba. Lakini nakuomba umwambie mtu mmoja. Yeyote. Kinyozi, padri, wa baa. Sema tu kwamba hawakuwa hawajui. Mji ukishajua..."

"Mji unajua, Condy."

Packie alimimina chai, akasukuma maziwa upande wa mgeni.

"Unajua nini?"

"Unajua hayo uliyosema. Ulijua hata kabla kombe halijarudi. Vijana kumi na wanane ndani ya basi, kila mmoja ana mama yake, na mama wa mji huu unawafahamu. Ulidhani hawajui?"

Condy alitazama moto. "Noreen anajua?"

"Noreen ndiye aliyenunua stempu."

Alisema hivyo bila uovu, kama mtu anayeeleza kwa nini alimchinja kondoo huyu na si yule. "Usinitazame hivyo, ndugu yangu. Tulilia sisi. Miaka ishirini na saba, halafu siku tano. Lazima alaumiwe mtu. Tukimlaumu Donncha, ataondoka. Dublin wanampigia simu kila wiki. Tukimlaumu Tinney, kocha gani mwingine atakuja kwenye mvua hii? Wewe unatuletea bili za umeme. Huendi popote. Tungefanyaje?"

"Nilikubebea baba yako kaburini, Packie."

"Ulimbeba. Nakushukuru." Packie alikoroga chai yake muda mrefu. "Attracta alikuja Novemba, wiki ile ya rufaa. Alikaa hapo ulipokaa. Yeye alikuwa amesikia dukani. Nilimwambia haya haya. Akaomba kitu kimoja tu, kwamba wewe usiambiwe. Alisema, mwacheni aamini kwamba hamjui."

Condy alishika kikombe kwa mikono miwili. Hakukinyanyua. Nje mbwa wa Packie alikuwa akibwekea gari la posta alilokuja nalo Condy, ambalo alilijua tangu akiwa mtoto wa mbwa.

"Halafu Hugo kaniomba nikuulize," Packie alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya zamani, ya marafiki. "Kuhusu msimu mpya. Ukatibu. Kazunguka mji mzima, hakuna anayeutaka. Watu wana kazi zao. Usajili unafungwa wiki ijayo. Utaendelea?"

Ningependa kusema kwamba alimwagia chai usoni. Ningependa kusema alisimama akatoka, au walau alikaa kimya mpaka Packie akaona haya. Lakini Condy alikuwa hajaulizwa swali na mtu, swali la kweli lenye haja ya jibu, kwa karibu miezi mitatu. Alisema ndiyo. Alisema haraka, Packie hajamaliza kuuliza, na akauliza kama ofisi bado inavuja pale kwenye kona.

Nyumbani Attracta alikuwa anamenya viazi. Alimwona amebeba chini ya kwapa lile kasha la usajili, alilopitia kuchukua kwa Hugo, na kisu kikasimama.

"Umetoka kwa Packie," alisema.

"Nimetoka kwa Packie."

"Amekwambia."

"Ameniambia."

"Yote?"

"Yote. Na wewe kwamba ulikwenda." Condy aliweka kasha juu ya meza, akalisogeza lisilowe. "Hawana mtu mwingine, Attracta. Usajili unafungwa wiki ijayo."

Attracta alikuwa amekwenda kupiga magoti kwa ajili yake jikoni kwa mwanamke aliyenunua stempu, na hilo hakuwahi kulitaja wala hakulitaja sasa. Alinawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole. Alivaa koti. Alimwambia viazi vinahitaji dakika ishirini, akaenda kwa dada yake Letterkenny kwa basi la saa kumi na moja, na alikaa huko mpaka baada ya Pasaka.

Ijumaa ya kwanza ya msimu Condy alijipikia mwenyewe, akala amesimama, akawahi uwanjani. Donncha alikuwa wa kwanza kufika chumba cha kubadilishia nguo. "Habari, Toa Tatu," alisema yule kijana mpole, akitabasamu, na akampa mkono. Condy aliushika.